Mwali na Meli ya Mwendo wa Taratibu

Sindeni, Handeni
19 Septemba 2004

Kaka Mdoe,

Shikamoo. Nakuandikia nimekalia kinu kilichopinduliwa, maana kigoda kakikalia mama na hataki kuninyanyukia. Sisi wazima. Mama miguu humsumbua asubuhi, ikifika mchana anatembea kunishinda, hasa akisikia kuna mtu kakosea jambo. Ukasha yuko kule kule Mazinde kwenye mkonge, huja mwisho wa mwezi akalala, akaamka, akaondoka, mume wa kukopa. Mahindi tulivuna kidogo sana, siku hizi tunakula bada la muhogo na mlenda mpaka watoto wanaimba wimbo wake. Isihaka anakusalimu. Barua ziendelee kupitia kwake dukani Korogwe, kwa sababu mtandao wa simu haujafika huku, na naona utafika tumeshazeeka. Yeye hutuletea barua siku ya gulio akikumbuka.

Sasa nisikilize. Ikram wangu amemaliza mtihani wa darasa la saba juzi. Katoka kwenye chumba cha mtihani anacheka, anasema hesabu zote alizijua. Hajafika hata nyumbani mama kashatamka kwamba mtoto amekua, aingie ndani awe mwali, asizurure na wenzake wakati wa kungoja majibu. Kungwi kashatafutwa. Kesho kutwa anaingia.

Unayajua mambo ya nyumba yetu. Mwali wetu hatoki mpaka mjomba wake, kaka wa mama yake, amshike mkono amvushe kizingiti mchana, watu wakiona. Baba hana sauti hapo, Ukasha anajua hilo na limemchosha. Marehemu kaka Hiza angekuwa hai nisingekusumbua, lakini umebaki wewe peke yako. Na mimi unakumbuka yaliyonipata. Mjomba alikuwa jeshini, shangazi akanitoa kwa sababu watu walichoka kungoja, na watoto wangu wawili wa kwanza nikawazika. Mama hajawahi kuyatenganisha mambo hayo. Mimi nikikwambia nayatenganisha nitakuwa nakudanganya.

Ulipokuwa unaondoka mwaka jana ulisema mbele ya mama kwamba mtoto huyu utamtoa wewe. Ukasema mkataba wako wa melini unaisha Novemba. Kwa neno hilo ndio namwingiza. Nimemwambia avumilie, Novemba mjomba anakuja, akitoka tutasikia na matokeo. Aliniuliza mbona asingoje nje mpaka ufike, nikamwambia aache maneno mengi.

Niletee kitenge kizuri, si kile cha mwaka juzi kilichochuja.

Mdogo wako,
Mwaija

*

Bandari ya Durban
24 Oktoba 2004

Mwaija mdogo wangu,

Marahaba, na salamu nyingi kwa mama, umpe pole ya miguu. Mwambie huku nako wazee wa melini wanalia magoti kwa ajili ya ngazi za chumba cha injini. Mimi mzima kabisa. Barua yako nimeikuta kwa wakala wa kampuni hapa Durban. Hongera kwa Ikram. Akili hizo kazitoa kwa mjomba wake, usibishe.

Nikupe habari za ajabu. Meli yetu, unayoijua kwa picha, ile ndefu ya kubeba makontena, sasa inakwenda kama ng'ombe wa Wamasai wakirudi kutoka malishoni wameshiba. Si kwamba imeharibika. Kampuni yetu na nyingine chache za meli za mizigo zimekubaliana zenyewe, bila serikali yoyote kuzilazimisha, kwamba zitapunguza moshi. Nahodha alitukusanya kwenye chumba cha kulia akatueleza kwamba moshi wa meli una hewa inayopanda juu ikaifunika dunia kama blanketi. Joto linashindwa kutoka, na mvua zinapotea au zinakuja zote kwa mkupuo. Meli ikipunguza mwendo inakunywa mafuta kidogo mno, na moshi unapungua. Kwa hiyo wanafanya jaribio, waone meli inaweza kuishi na mwendo wa taratibu au vipi.

Watu walicheka, mimi sikucheka. Nilikumbuka shamba letu la bondeni lilivyokauka mwaka ule. Nikajiambia, kumbe mimi mpakaji mafuta wa injini, mtu wa kunuka dizeli maisha yake yote, naweza kuwa nafanya kazi inayofika mpaka Sindeni.

Kazi yenyewe imezidi, usidhani polepole ni mapumziko. Injini kubwa kama hii ikienda taratibu haichomi mafuta vizuri, masizi yanajaa ndani yake. Tukifika bandarini naingia humo kwa magoti kuyakwangua, kwa sababu yakishika moto baharini hakuna pa kukimbilia. Natoka mweusi, meno tu ndio yanaonekana.

Kutokana na hayo, mkataba umesogezwa. Wanataka wafanyakazi wale wale mpaka jaribio liishe, ili hesabu zao za mafuta zisivurugike. Tumeambiwa tubaki mpaka mwisho wa Februari hivi. Sina la kufanya.

Usitie hofu kuhusu Ikram. Mwali kukaa ndani ni sifa yake. Mama mwenyewe alikaa mpaka mavuno yakapita mara mbili, akatoka ngozi inang'aa, na hadithi hiyo ametusimulia tangu utotoni mpaka tumeikariri. Akikaa miezi michache zaidi ndio atatoka kwa heshima. Mwambie mjomba anakuja, ila anakuja mwendo wa kampuni.

Kitenge nitakitafuta.

Kaka yako,
Mdoe

*

Sindeni, Handeni
20 Desemba 2004

Kaka Mdoe,

Shikamoo. Barua yako ya Oktoba nimeipata wiki hii. Isihaka aliiweka kwenye droo ya spoki za baiskeli akaisahau, akaja kuiona mteja alipotaka spoki. Nilimsema mpaka akanipa sukari bure. Mama hajambo, Ukasha hajambo, kuku wote wamekufa kwa kideri isipokuwa yule jogoo mkorofi.

Vuli haikunyesha. Yaani haikunyesha hata ile ya kudanganya. Tulipanda mara mbili, mbegu zikaiva ardhini kama zimekaangwa. Nilipowasomea majirani maneno yako kuhusu moshi na blanketi, nikawaambia kaka yangu huko anatembea polepole ili mvua irudi. Walicheka kwanza. Halafu mmoja akasema, basi mwambie asitembee polepole mno, mbegu zinatuishia.

Kaka, Ikram amefaulu. Mwalimu Jonathan, mkuu wa shule yetu, alikuja mwenyewe na baiskeli juani. Katika wasichana wote wa shule, amechaguliwa yeye peke yake, sekondari ya bweni, Korogwe. Anatakiwa aripoti tarehe 17 Januari. Mwalimu alikuwa anasema kwa sauti kubwa kwa makusudi, ili asikie huko ndani. Tukasikia anapiga ukuta kwa kiganja, pa, pa, pa, kwa furaha. Nikaingia nikamkuta analia na kucheka pamoja. Mwili umenenepa wa uwali, uso umekuwa mweupe kwa kukosa jua. Akaniuliza jambo moja tu, kama mjomba anajua tarehe.

Basi nikutajie ugumu wake. Mama kasema mwali hatoki bila mjomba, na shule haikimbii. Mwalimu Jonathan akamjibu kwa adabu zote kwamba inakimbia sana, asiyeripoti nafasi yake anapewa mwingine, wanaongoja ni wengi. Mama akamwitikia kama anamwitikia mtoto, akamkaribisha uji. Ukasha kaja na sanduku la bati jipya kutoka Mazinde, kaliweka katikati ya nyumba kila mtu ajikwae nalo.

Mimi niko katikati. Nikimtoa mwenyewe, halafu siku moja akazika mtoto kama nilivyozika mimi, nitamwambia nini? Nisipomtoa, anakosa shule. Usiniambie huo ni ujinga wa kizamani. Wewe hukuchimba vile vikaburi.

Sijawahi kukuomba kitu tangu Hiza afariki. Leo nakuomba. Teremka bandari yoyote, panda ndege, panda lori, uje umshike mtoto mkono, hata kama utarudi kesho yake. Ni kitendo cha kumaliza pumzi moja. Barua hii nimempa Isihaka na pesa ya posta ya haraka, na nimemwapisha.

Nakusubiri.

Mwaija

*

Bandari ya Durban
11 Januari 2005

Mwaija,

Salamu kwako, kwa mama na wote. Nimeipata barua yako leo mchana, meli imefunga leo hii hii. Tungekuwa na mwendo wetu wa zamani tungekuwa tumefika kabla ya mwaka mpya. Nimeisoma nikiwa bado na masizi mikononi, karatasi yote imechafuka.

Nimefurahi kwa Ikram mpaka nimewaonyesha Wafilipino tunaofanya nao kazi barua ambayo hawawezi kuisoma.

Nimekwenda kwa nahodha. Nimemweleza yote, mila zetu, shule, tarehe. Amesikitika, lakini amesema haiwezekani, mkataba ni mkataba, na jaribio haliwezi kukatwa katikati. Nimejaribu, dada, Mungu shahidi. Gregori wa Makuyuni, mwenzangu wa chumba kimoja, yeye ameachiliwa kwa sababu anaumwa tumbo, anapanda ndege kesho. Ndiye ninayempa barua hii akufikishie mkononi, isipitie droo ya mtu.

Na nimefikiri hivi. Nimempa Gregori shati langu la kazini, lile la bluu lenye jina langu kifuani. Sikulifua, lina jasho langu. Mama alishike shati hilo, alipitishe mkono wa shati kwenye mkono wa Ikram, na maneno yangu yasomwe kwa sauti: mimi Mdoe, mjomba wako, nakutoa. Nikifika nitamalizia kwa mkono wangu wa mwili. Nadhani wazee wangekubali. Dunia inabadilika, siku hizi watu wanaozeshwa kwa simu.

Msimcheleweshe. Aende shule.

Hewa huku ni nzito, joto la kuudhi. Kampuni imetuletea fulana zenye picha ya jani. Yangu nitamletea Ikram.

Kaka yako,
Mdoe

*

Sindeni, Handeni
6 Februari 2005

Mdoe,

Shikamoo. Mama hajambo. Ukasha sijui kama hajambo, utaona mbele kwa nini.

Gregori alifika tarehe kumi na tano, siku mbili kabla ya shule. Alitoka Korogwe na Isihaka nyuma ya baiskeli. Kijana mzuri, mcheshi, ana heshima. Nilimpa pole ya safari na pole ya tumbo, nikampikia uji laini usio na ndimu nisije nikamuumiza. Akaniangalia. Akala uji ule kwa adabu, halafu akauliza kama hakuna ugali. Akala ugali wa watu watatu. Nikamwambia nimefurahi tumbo limepona. Akaniuliza, "Tumbo gani, dada?"

Sikutaka kumuaibisha mgeni, nikamwacha aongee. Akaongea kwa nia njema kabisa, hakujua anachonimwagia. Kasema Oktoba, hapo Durban, nahodha aliwaita akawaambia jaribio ni la hiari, kampuni imeingia kwa hiari na mabaharia nao ni hiari yao. Anayetaka kubaki aandike jina, asiyetaka mkataba wake ukiisha anakwenda zake nyumbani. Wengi waliguna. Wewe uliandika wa kwanza, na nahodha akakupigia makofi mbele za watu. Kasema Januari pia waliulizwa tena, na tiketi ya ndege ni ya kampuni. Yeye akasema anataka kwenda kumuona mama yake. Wewe ukasema unabaki. Gregori anakusifu, anasema Mdoe ni mtu wa msimamo.

Kwa hiyo hukwenda kwa nahodha. Ulimtaja Mungu awe shahidi wa safari ambayo hukuifunga.

Nimeumia, kaka. Nisikufiche. Ungeniambia tangu Oktoba kwamba umeamua kubaki, nisingekupenda lakini ningejua nasimama wapi. Ningemtoa mtoto siku ile ile hata kabla hajazoea giza, tukamwingiza tena mwakani. Nilimfungia kwa neno lako.

Habari ya shati nayo uisikie. Mama alilifungua, akalinusa, akaliweka chini upesi. Akasema nguo ya mtu asiyekuwepo ikiingizwa kwa mwali ni kama kuleta ya marehemu, na akauliza kama umekufa tunafichwa. Tukaacha habari za shule tukaanza kumbembeleza mama. Gregori masikini alikula yamini mara tatu kwamba uko hai na unanenepa. Shati limetundikwa kwenye mti wa nje. Mama hataki liguswe wala lifuliwe.

Tarehe kumi na saba ikapita. Siku hiyo Ikram hakula. Ukasha alikuja na baiskeli ya kuazima, akachukua sanduku lile la bati, akasimama mbele ya mlango wa ndani akasema anamchukua binti yake, mila na wenye mila watamsamehe. Mama akajiburuta akakaa juu ya kizingiti. Hakupiga kelele. Akamwambia, "Pita juu yangu." Ukasha alisimama hapo mpaka jasho likamlowesha shati. Hakuweza, na nani angeweza? Akaondoka Mazinde na sanduku lake, na mwisho wa mwezi hakuja. Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi. Sikumsaidia yeye, sikumsaidia mama.

Mwalimu Jonathan alikwenda Korogwe mara mbili kuomba tungojewe. Walitungojea mpaka mwisho wa Januari, siwalaumu. Juzi amekuja kutuambia nafasi amepewa msichana wa Mpale. Safari hii aliongea chini chini, lakini nyumba yetu ni ya udongo, Ikram alisikia.

Hajalia. Ameniomba ukili asuke mkeka.

Mwaija

*

Bandari ya Singapore
14 Machi 2005

Mwaija mdogo wangu,

Naanza na salamu ingawa najua hazina pa kukaa. Mpe mama heshima zangu. Ukasha nimemwandikia barua yake peke yake kupitia Mazinde.

Nimesoma. Sitabisha hata neno moja la Gregori.

Nilipoandika jina Oktoba sikujua kama mtoto amefaulu, hilo ni kweli. Nilidhani anakaa tu kama mwali mwingine yeyote, na kukaa hakumpunguzii kitu. Januari nilijua. Nilisimama na barua yako mfukoni, nahodha akiniuliza, na nikasema nabaki. Usiniulize mara nyingi kwa nini. Miaka yote hii naitwa wewe wa mafuta, njoo hapa, safisha pale. Katika jaribio hili mhandisi mkuu alikuwa ananiita kwa jina, ananieleza tunachookoa, tani ngapi za moshi. Niliona kama nikishuka namwangusha yeye na nawaangusha ninyi huko mnaongoja mvua. Nilijiambia shati litatosha. Nikajiambia mpaka nikaamini.

Sasa nikwambie mwisho wake, ucheke kama bado una kicheko. Jaribio limekufa. Wenye mizigo walilalamika bidhaa zao zinachelewa. Kampuni moja ikajitoa kimya kimya ikarudi kukimbia, ikachukua wateja wa zile zinazokwenda polepole. Ya pili ikafuata. Yetu imejitoa wiki iliyopita. Waliingia kwa hiari na wametoka kwa hiari, hakuna mkataba wa kuwashika wala wa kumshtaki mtu. Nahodha ametusomea shukrani za ofisini, zimeandikwa vizuri sana. Mhandisi mkuu hakuja kusikiliza. Jioni ile ile tulifungulia injini mwendo wote, moshi ukatoka mweusi, na masizi yote yale niliyoyaacha kwenye dohani, bomba la moshi, yakaanguka juu ya makontena.

Nashuka hapa hapa. Mwisho wa Aprili niko Sindeni. Nitamtoa Ikram kwa mkono wangu. Shule si ile moja tu, siku hizi za kulipia zimeota kila mahali, tutatafuta. Mwambie hivyo. Mwambie mjomba wake anakuja na safari hii anakuja mbio.

Mdoe

*

Sindeni, Handeni
29 Mei 2005

Kaka Mdoe,

Shikamoo popote ilipokukuta barua hii. Gregori ndiye aliyeniambia umeshapata meli nyingine na kunipa anwani yako. Umeondoka kwetu kabla watu hawajaamka, hukuniaga, na mama alikutengea kiporo asubuhi akidhani uko msalani. Hatujambo wote. Masika yamenyesha kwa fujo, mto umechukua shamba la bondeni lote, udongo na miche. Tuna maji mengi sana ambayo hatuna la kuyafanyia. Ukasha alirudi, anakaa nje muda mrefu.

Nataka kukuandikia siku ile ya kumtoa Ikram ilivyokuwa kwa upande wetu, maana wewe ulikuwa umeupa ua mgongo.

Tulikuwa tumefagia mpaka njiani. Wanawake walifika na ngoma mapema, mama kavaa kanga mpya, nilikuwa sijamuona mama anacheka hivyo tangu msiba wa Hiza. Ulipendeza na kanzu yako. Ulipofika mlangoni uliuingiza mkono gizani ukamwita kwa jina. Kungwi akatuashiria tuanze vigelegele, tukavuta pumzi tukaishikilia. Ndipo sote tukamsikia, sauti yake ya kawaida kabisa, bila hasira:

"Nitoke niende wapi, mjomba?"

Ulicheka kidogo, na sisi tukacheka, tukidhani ni haya za mwali. Ukamwambia atoke, watu wanamsubiri. Akakuuliza tena maneno yale yale. Ukamwambia habari za shule za kulipia. Ukasimama hapo, mkono ndani, mwili nje, mpaka wanawake wakaanza kuangalia miguu yao. Nilimuona mama akihesabu shanga za tasbihi haraka haraka. Halafu ukautoa mkono, mtupu, ukautazama, ukaenda kukaa nyuma ya choo. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuaga na pilau ikabaki. Mpiga ngoma mwenyewe hakutudai.

Uliyoyakimbia ndiyo haya. Mama amevunjika. Yule mama aliyesema pita juu yangu, sasa anakaa kwenye kizingiti hicho hicho anamsihi mjukuu wake atoke. Anamwambia atolewe na yeyote, na baba yake, na mimi, na mwenyewe kwa miguu yake, mila amezifungua zote kwa mdomo wake. Komeo la mlango nimeling'oa kwa shoka. Mlango uko wazi usiku na mchana. Shati lako mama amelishusha akalifua, akalikunja, sijui anataka kulifanyia nini.

Ikram hagombani na mtu. Ukimsalimu anaitikia. Anakula, ananawa, anasuka mikeka mirefu mpaka Isihaka anaiuza Korogwe na watu wanauliza fundi ni nani. Wenzake wa darasa walikuja kumuona, mmoja yuko sekondari ya kulipia, mwenye sare. Aliongea nao vizuri, akawapa karanga. Walipoondoka akageukia ukuta. Mwalimu Jonathan alikuja na vitabu, akavipokea, akaviweka chini ya mkeka, na sijamuona akivifungua. Nilimwambia ni kijana bado, mwaka mmoja si kitu. Akaniambia, "Sawa, mama," kama mtu anayemwitikia mgonjwa.

Nimekukasirikia mpaka hasira imekwisha, imebaki hofu peke yake. Sikuandiki nikulaumu. Usiku nalala mlangoni kwake, na nikiamka nakuta macho yake wazi ananitazama. Kila nikitaka kumwambia toka, nalikumbuka swali lile. Kweli, atoke aende wapi? Shambani? Shamba limekwenda na mto. Nilidhani nitapata neno la kumjibu na sijalipata, na mama hana, na Ukasha kila akifungua mdomo analia.

Lakini hakutuuliza sisi, kaka. Alikuuliza wewe, na ukaondoka hujamjibu. Naamini bado anangoja, kwa sababu kila siku ya gulio, Isihaka akipiga kengele ya baiskeli huko njiani, anaacha kusuka. Mjibu. Chochote utakachoandika, kiwe cha kweli, na juu ya bahasha andika jina lake, si langu.

Mwaija